Mkono Unaojua Uzito Wake

Januari 1979, katika kiwanda cha Ford huko Flat Rock, Michigan, Marekani, mfanyakazi Robert Williams aligongwa na mkono wa roboti akafa. Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba kilichokuwa njiani ni mtu. Kwa miaka mingi jawabu la viwanda lilikuwa uzio: roboti ndani, watu nje, na mlango ukifunguliwa mota inazimika.

Jawabu jingine, ambalo kwangu mimi ni la kifundi zaidi, lilipikwa polepole huko Oberpfaffenhofen, karibu na München, katika taasisi ya roboti ya DLR, shirika la Ujerumani la utafiti wa anga. Gerd Hirzinger na wenzake walikuwa wakiifikiria kazi ya angani. Mwaka 1993 roboti yao, ROTEX, ilirushwa ndani ya chombo cha Columbia. Mkono mwepesi waliouunda baadaye ulikuwa na viungo 7 na uzito wa takriban kilo 14, nao uliweza kuinua mzigo unaokaribia uzito huohuo. Roboti za kawaida za kiwandani huwa nzito mara kadhaa kuliko mzigo zinaouinua.

Lakini wepesi si jambo lenyewe. Ndani ya kila kiungo, baada ya gea, kuna kigurudumu cha metali chenye spoki. Kiungo kikisukumwa, spoki hupinda kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Juu yake zimebandikwa tepe ndogo zenye uzi wa metali; uzi ukivutwa hurefuka na kukonda, na umeme hupita kwa shida zaidi kidogo. Hapo ndipo mguso unapogeuka kuwa namba. Kubandika tepe hizo ni kazi ya subira: uso wa metali husuguliwa, husafishwa mpaka usibaki hata mafuta ya kidole, kisha gundi hupakwa nyembamba mno. Kipovu cha hewa kikibaki chini ya tepe, kiungo kitasema uongo. Joto nalo ni laghai, maana metali ikipata moto hutanuka, na kwa tepe kutanuka ni sawa na kuvutwa. Basi tepe hupangwa nne nne, mbili zikivutwa wakati mbili zinabanwa, ili kile kinachozipata zote kwa pamoja kijifute chenyewe.

Wapo watengenezaji wanaopima tu umeme unaoliwa na mota. Ni nafuu, na kwa kazi nyingi inatosha. Ila msuguano wa gea humeza miguso midogo kabla haijaifikia mota, na hiyo midogo ndiyo tunayoitaka.

Kuhisi peke yake hakutoshi. Mkono unaofanya kazi unahisi nguvu kila wakati: uzito wake, mzigo, kasi inavyobadilika. Ipi ni ya binadamu? Aliyezoea kubeba ndoo ya maji kichwani hutambua papo hapo mtoto akiigusa, kwa sababu shingo yake imeshaijua ndoo. Alessandro De Luca wa Chuo Kikuu cha Sapienza, Roma, akishirikiana na watafiti wa DLR, aliuweka ujuzi wa namna hiyo katika hesabu. Kwa kasi ya takriban mara 1,000 kwa sekunde, kompyuta hukadiria nguvu ambayo kila kiungo kilitarajiwa kuhisi, kisha huilinganisha na iliyopimwa. Kinachozidi kimetoka nje.

Na mguso ukishajulikana? Wengi tungesema: simama. Lakini mkono uliombana mtu ukutani, ukisimama na kukaza breki, unaendelea kumbana. Kwa hiyo waliufundisha kulegea, ukibeba uzito wake tu, hata kidole kiweze kuusogeza. Sami Haddadin wa DLR na wenzake wakaushikisha kisu ili kuujaribu: kwanza kwenye mguu wa nguruwe, mwishowe kwenye mkono wa mtu aliyejitolea. Majaribio hayo yalichapishwa mwaka 2010.

Nawavulia kofia, ila nina neno na wauzaji wanaonadi “roboti salama”. Mkono mpole ulioshika bisibisi umeshika kitu chenye ncha. Mwongozo wa kimataifa wa ISO/TS 15066 wa mwaka 2016 ulizingatia kazi nzima, kifaa na mzigo vikiwemo. Viwango vyake vya shinikizo vilitokana na utafiti wa Mainz, Ujerumani, ambako watu wazima 100 walibanwa sehemu 29 za mwili mpaka maumivu yaanze. Kwa upande wa nguvu, kiganja na vidole vikibanwa, mwisho ulikuwa nyutoni 140, na kwa tumbo 110. Kugusa uso kulitakiwa kuzuiwa kila inapowezekana.

Kwa hiyo fundi anayefunga roboti kiwandani huja na kipimo chenye springi na kipande cha mpira juu yake. Hukiweka pale ambapo mkono wa mtu unaweza kunaswa, huiacha roboti ikibane, husoma namba. Ikizidi, hupunguza kasi au huviringa kingo za kishikio, halafu hupima tena. Kishikio kikibadilishwa mwezi ujao, vipimo vyote vinarudiwa.