Kumrudia Bwana Msa

Msomaji anayemrudia Bwana Msa baada ya miaka mingi huwa amekwisha kupoteza kile kilichomvuta alipokuwa mwanafunzi, yaani fumbo. Anamjua muuaji kabla ya kufungua kitabu. Je, riwaya za Muhammed Said Abdulla (1918–1991) zinabaki na nini cha kusomwa?

Kuna wanaojibu upesi kwamba hazibaki na kitu, kwa kuwa zimekopwa kwa Conan Doyle: kiko mdomoni, Najum rafiki msikivu, na Inspekta Seif wa polisi. Mkopo huo haukanushiki. Ila anayeishia hapo amesoma umbo la hadithi bila kuisikiliza lugha yake.

Lichukuliwe jina la kitabu cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Kwa mwanafunzi wa Lubumbashi, watu wa kale ni bankambo, na mzimu ni roho ya marehemu. Basi anaanza kusoma akiingoja roho. Lakini katika Kiswahili cha Unguja mzimu ni mahali pia: pango, mti au gofu ambapo watu huweka nadhiri zao. Maiti ya Bwana Ali inakutwa mahali pa namna hiyo. Katika usomaji wa kwanza, macho hutafuta roho na kupapita mahali; katika usomaji wa pili hudhihirika kwamba uhalifu wenyewe umejificha nyuma ya hofu hiyo hiyo. Kumbe maana mbili za neno moja zimebeba msuko mzima! Katika Kisima cha Giningi (1968) mwandishi anautumia tena mtego huo, kwani Giningi ni makao ya wachawi katika imani za Wazanzibari, na msomaji huelekezwa huko ilhali jibu liko kwa binadamu.

Kwa hiyo ugumu wa Kiunguja, ambao wanafunzi wa hapa huulalamikia (na si bila sababu), si kizuizi tu. Asiyezaliwa ndani ya lugha hiyo hulazimika kusimama penye neno ambalo Mzanzibari hulipita bila kugeuka.

Hata hivyo, mapenzi ya msomaji wa zamani yasimfumbe macho. Mapinduzi yalitokea Januari 1964. Vitabu vinavyofuata kile cha kwanza vilichapishwa baada ya hapo, lakini ulimwengu wa Bwana Msa umebaki kwa kiasi kikubwa ule wa sebule za mabwana na nasaba zenye siri. Shafi Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), aliingia kwa wale walioitumikia sebule. Kwa Abdulla, mtumishi huonekana zaidi akiwa shahidi wa kuhojiwa. Kimya hicho hakionekani kijana anapomtafuta muuaji; anapomjua tayari, hukiona.

Katika mji huu huu, mwaka 1965, André Yav aliandika Vocabulaire de ville d'Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, kwa Kiswahili cha mji. Humo mtumishi ndiye anayesimulia, na bwana ndiye anayechunguzwa. Mwalimu anayefundisha Mzimu wa Watu wa Kale Lubumbashi angefanya vema kuviweka vitabu hivyo viwili juu ya meza moja, na kuanza na cha Yav.