Tabibu Aliyetoka Kwenda Kutafuta Furaha

Mjukuu wangu alinijia na kitabu akaniambia, "Babu, hiki kitakuchekesha." Akanisomea usiku tatu baada ya Isha, akinifasiria kutoka Kiingereza, na kwa hakika nilicheka. Lakini alipokifunika nilijiona nimeingiwa na haya, na sababu yake nitaieleza, insha-Allah.

Kitabu hiki ni riwaya ya kwanza ya François Lelord, Mfaransa ambaye mwenyewe ni daktari wa maradhi ya nafsi. Kilitoka Ufaransa mwaka 2002, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka 2010. Chasimulia habari za Hector, tabibu kijana ambaye wengi katika wagonjwa wake hawakufiwa, hawakufilisika, wala hawana njaa, na juu ya hayo furaha hawana. Dawa anazo na maneno anayo, bali furaha hana ya kuwapa. Basi afunga safari, aenda China, Afrika na Marekani, na kila somo alipatalo aliandika katika daftari, hata masomo yakapita 20.

Mmoja katika wagonjwa wake ni mpiga ramli, Bibi Irina, aliyekuja kushitaki kuwa haoni tena ya mbele! Hapo nilicheka sana. Sisi juu ya mimbari twapaza sauti kuwakataza watu wasiwaendee wapiga ramli. Huyu hakupaza sauti, amemketisha mpiga ramli katika kiti cha mgonjwa, yakatosha.

Usimulizi wake ni mwepesi, kama bibi awahadithiavyo wajukuu. Somo la kwanza la Hector ni kuwa mtu akijilinganisha na wenziwe huiharibu furaha yake. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Mtume s.a.w. ametufunza tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, ili tusizidharau neema za Mwenyezi Mungu. Kulinganisha hakuachiki; la muhimu ni jicho laelekea wapi.

Kasoro zake ni mbili. Kwanza, Hector amemwacha mchumba wake kwao, na huko China aangukia kwa mwanamke wa biashara isiyotajwa mbele ya wazee, na mwandishi apita hapo kwa wepesi mno. Pili, China yaitwa kwa jina lake, lakini nchi ya Afrika aliyofikia Hector haikupewa jina. Ina umasikini, na ina majambazi wa kumteka mgeni. Aliyezaliwa pwani hii hawezi kusoma hayo asikunje uso.

Sasa nije kwenye haya yangu. Zamani kijana mmoja alinifuata msikitini baada ya Alasiri, akasema hapati usingizi na moyo wake mzito. Hakumaliza maneno nikamkata: "Subiri, sali, mtaje Mola wako." Nikamwombea dua, nikaondoka. Nasaha ile haikuwa ya makosa, kwani nyoyo hutulia kwa kumtaja Mwenyezi Mungu. Makosa yangu ni kuwa sikumsikiliza. Baadaye nilisikia mamake alimpeleka hospitali, akatibiwa akapona. Kwangu hakurudi tena.

Na wala si jambo geni kwetu. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi hutibiwa kwa fikra za mwenyewe na pia kwa maneno ya mwenziwe. Na mwenziwe atasema nini ikiwa hakusikiliza?

Kwa hivyo rai yangu ni hii: kitabu hiki wasipewe watoto, kwa sababu niliyoitaja. Watu wazima na wakisome, wacheke. Na sisi waalimu tukisome zaidi, kwani Hector, pamoja na upungufu wake wote, humwacha mgonjwa akamaliza maneno yake.

Wallahu aalam.