Muktadha wa Utendaji katika Ufundishaji wa Tanzu na Tamathali za Semi Shule za Msingi: Mtazamo kutoka Itungi, Kyela

M. M. Mulokozi, alipoainisha tanzu za fasihi simulizi katika jarida la Mulika mwaka 1989, hakuishia kutaja tanzu sita. Alitumia vigezo viwili: umbile na tabia ya kazi yenyewe, na muktadha wa uwasilishaji wake, yaani fanani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Tahakiki hii inadai kwamba uainishaji wa aina hiyo unaposhushwa hadi darasa la msingi, majina hubaki na muktadha hupotea.

Tuchukue methali "Maji yakijaa hupwa". Sitiari yake ni ya pwani, ambako bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Itungi, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, maji hayaendi hivyo. Ziwa hupanda kwa mvua na kushuka kiangazi; mtoto wa mkulima wa mpunga hulijua hilo pia kwa mafuriko ya mto Kiwira. Kwake neno "kupwa" huenda likawa msamiati mtupu. Akishaelezwa, ataisoma methali kwa hesabu ya miezi, si ya saa: nafuu huja, lakini baada ya msimu mzima. Huo si upotofu. Kizungumzwa ni kilekile. Kilichobadilika ni mwendo wa kifananishi, na pamoja nao uzito wa subira inayodaiwa. Mwalimu anayepokea ufafanuzi mmoja tu humnyima alama mwanafunzi aliyeielewa sitiari kuliko wenzake waliokariri.

Kitendawili nacho huumia, tena pengine zaidi. Katika utendaji, hadhira ikishindwa hutoa mji, na mchezo huendelea. Kushindwa ni sehemu ya utanzu. Karatasi ya mtihani hugeuza kitendawili kuwa swali la jibu fupi, na mji hauna pa kutolewa.

Watakuwapo watakaosema kwamba istilahi hazina budi kufundishwa mapema. Hilo halina ubishi. Kinachobishaniwa ni mpangilio. Mtoto aliyekwisha kuketi kusikiliza ngano za Kinyakyusa nyumbani, akacheka sungura aliposema, anaifahamu tashihisi kabla ya kulisikia jina lake. Somo la Kiswahili lingeweza kuanzia kwenye kicheko hicho, likamwomba aisimulie upya ngano ileile kwa Kiswahili mbele ya wenzake, kisha ndipo mwalimu aandike neno "tashihisi" ubaoni.