Nyumba Bila Wenyewe: Udokezi na Uashiriaji katika Hadithi Fupi ya Ray Bradbury ya Baada ya Maangamizi

Udokezi ni mbinu inayotegemea kesho. Mtunzi hutupa alama ndogo mapema katika masimulizi, msomaji akaipita bila kuijali, kisha tukio likifika hugundua kwamba alikwisha kuandaliwa. Katika bunilizi ya kisayansi inayosimulia dunia baada ya maangamizi, mbinu hii inakutana na tatizo. Tukio kubwa kuliko yote limekwisha kutokea kabla ya sentensi ya kwanza. Je, mtunzi adokeze nini, na amdokezee nani, ikiwa mji mzima ni majivu na wahusika wote wamekufa?

Makala hii inalishughulikia swali hilo kwa kuisoma hadithi ya Mmarekani Ray Bradbury, "There Will Come Soft Rains", iliyotoka katika jarida la Collier's mwezi Mei 1950 na mwaka huohuo ikaingizwa katika kitabu chake The Martian Chronicles. Hoja yangu ni kwamba udokezi katika hadithi hii unakwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Alama zilezile zinazotuandaa kwa kifo cha nyumba usiku zinatufunulia kifo cha watu kilichotangulia. Kwa hiyo ishara za hadithi haziwezi kufasiriwa moja moja, kila moja na maana yake pembeni, kama tulivyowazoesha wanafunzi wetu kufanya.

Kisa chenyewe ni chepesi. Ni tarehe 4 Agosti 2026, katika mji wa Allendale, California. Nyumba inayojiendesha yenyewe inaamsha familia ya McClellan, inapika, inafagia, inakumbusha madeni, inaandaa maji ya kuoga na kuwasha moto mekoni. Hakuna anayeamka, anayekula wala anayeoga. Saa nne usiku upepo unavunja tawi la mti, tawi linapasua dirisha la jikoni, chupa ya dawa ya kusafishia inamwagikia jiko, na moto unaanza. Kunapopambazuka umebaki ukuta mmoja na sauti moja inayotangaza tarehe.

Kuhusu istilahi

Vitabu vyetu vya mwongozo vina mazoea ya kutumia kisengere mbele kwa mambo mawili tofauti: pale msimulizi anapoyarukia matukio ya baadaye na kuyasimulia waziwazi, na pale anapoweka kiashirio tu ambacho maana yake itajulikana baadaye. Gérard Genette aliyatenganisha mambo haya mwaka 1972, na sioni sababu ya sisi kuendelea kuyachanganya. Bradbury hana kisengere mbele hata kimoja. Msimulizi wake anakwenda na saa ya ukutani, dakika kwa dakika, na haruki popote. Alicho nacho ni udokezi, nao kwa wingi. Katika makala hii nitalitumia neno udokezi kwa maana hiyo ya pili peke yake.

Maji ya asubuhi

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo yanayofanya kazi kubwa na ndiyo yanayosahauliwa zaidi katika uhakiki. Asubuhi, baada ya kutangaza tarehe, sauti ya jikoni inakumbusha malipo: bima, kisha ankara za maji, gesi na taa. Msomaji huichukua orodha hii kama mzaha wa mtunzi, kinaya cha madeni yanayodaiwa kwa maiti. Lakini ankara ya maji ni deni litakalolipwa usiku. Saa mbili na nusu asubuhi chakula kisicholiwa kinasukumwa kwenye karo na kuoshwa kwa maji ya moto. Saa nne na robo vinyunyizio vya bustani vinafunguka na kulowesha ukuta. Saa kumi na moja jioni bafu linajaa kwa ajili ya mtu asiyekuwapo. Kila tendo ni huduma, na kila huduma inapunguza akiba. Moto unapoanza, dari zinamwaga maji na panya wadogo wa mitambo wanayarusha kutoka ukutani, kisha maji yanakatika. Hapo msimulizi anatueleza, kwa sentensi isiyo na msisitizo wowote, kwamba akiba ilitumika kujazia mabafu na kuoshea vyombo kwa siku nyingi za ukimya.

Hapa ndipo ile desturi ya kuandika "maji ni ishara ya uhai" inapotuangusha. Nimesahihisha insha nyingi za aina hiyo, na sikosi kumwonea huruma mwandishi wake, maana sisi ndio tuliomfundisha. Katika hadithi hii maji hayasimamii uhai. Yanasimamia utiifu. Nyumba inaungua kwa sababu ilitii mpaka tone la mwisho, ikiwatumikia watu ambao hawakuwa na haja ya kuhudumiwa. Maana hiyo haipatikani kwa kulitazama bafu peke yake, wala moto peke yake. Inapatikana katika mfuatano wa ankara, karo, kinyunyizio na bafu, yaani katika udokezi wenyewe.

Moto nao umeandaliwa vivyo hivyo. Kabla haujawa adui, umekuwa mtumishi katika sehemu nne: kwenye jiko la asubuhi, kwenye tanuri la kuchomea taka ambamo mzoga wa mbwa unaishia alasiri, kwenye meko ya chumba cha kusomea, na kwenye ncha ya sigara kubwa inayojitokeza yenyewe chumbani humohumo ikiwa na majivu laini, ikingoja mvutaji. Tanuri hilo mtunzi analifananisha na mungu wa kale aliyetolewa kafara, na nyumba nzima anaichora kama madhabahu yenye watumishi elfu kumi ambayo miungu yake imeondoka. Ibada inaendelea kwa kuwa hakuna aliyeiambia ikome. Taswira hiyo ya madhabahu inaandaa mwisho: palipo na madhabahu na moto patahitajika kafara, na kilichobaki cha kutolewa ni madhabahu yenyewe.

Vivuli vya ukuta wa magharibi

Kinyunyizio cha saa nne na robo kina kazi nyingine. Maji yanapotiririka kwenye ukuta wa magharibi tunaona kwamba umeungua na kuwa mweusi wote, isipokuwa mahali patano ambapo rangi imebaki: mwanamume anayekata nyasi, mwanamke aliyeinama kuchuma maua, mvulana aliyeinua mikono, mpira ulio hewani, na msichana anayeungoja mpira usioshuka kamwe. Msomaji wa 1950 hakuhitaji kufafanuliwa. Vivuli vya watu vilivyobaki kwenye mawe ya Hiroshima baada ya tarehe 6 Agosti 1945 vilikuwa vimekwisha kuonekana katika picha, na Umoja wa Kisovyeti ulikuwa umelipua bomu lake la kwanza la majaribio mwezi Agosti 1949, miezi michache tu kabla ya hadithi kutoka. Tarehe za kitabu, 4 na 5 Agosti, zinaikaribia kumbukumbu ya Hiroshima na kusimama siku moja kabla yake. Matoleo ya baadaye ya kitabu yameisogeza miaka mbele, na mwezi ukaachwa ulivyo.

Hata hivyo, vivuli hivi havituji ghafla. Vimedokezwa na hesabu ya kifungua kinywa: mayai manane, slesi nane za mkate, vikombe viwili vya kahawa, bilauri mbili za maziwa. Mayai yanagawanyika kwa wanne, na vinywaji vinatuambia kwamba wawili ni watu wazima na wawili ni watoto. Kabla ya kuwaona kwenye ukuta tumekwisha kuwahesabu mezani bila kujua. Huu ndio ninaouita udokezi wa kurudi nyuma: kiashirio kinatangulia, lakini kinachoashiriwa ni jambo lililopita. Taharuki ya nusu ya kwanza ya hadithi inatokana na swali "nini kilitokea?", na ya nusu ya pili na swali "nini kitatokea?". Kinyunyizio kiko kwenye mwambo wa maswali hayo mawili, kwa maana maji yanayotufunulia waliokufa ndiyo yatakayokosekana nyumba inapotaka kuokolewa. Usiku jikoni, katikati ya moto, jiko linapika mayai dazeni kumi. Hesabu iliyokuwa ya familia imekuwa hesabu ya wazimu.

Ndege dirishani, na magofu ya Pate

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili hawezi kukutana na nyumba tupu bila kukumbuka Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Sidai kwamba Bradbury aliijua. Nazilinganisha kwa sababu tofauti zao zinaangaza alichokifanya. Katika utenzi ule, majumba ya waungwana wa Pate yamekuwa makazi ya viumbe: makinda ya ndege yamelala kwenye zidaka zilizopangwa sahani, bundi analia ndani, mende na nyenje wamechukua nafasi ya sauti za watu. Nyumba imekubali kuanguka pamoja na wenyewe. Na kuna anayeshuhudia: mshairi anauonyesha moyo wake magofu hayo ili uzinduke.

Nyumba ya Allendale inakataa. Shomoro akigusa dirisha, pazia linafyatuka na ndege anatimuliwa. Mbweha na paka wanaulizwa neno la siri na, wasipojibu, madirisha yanafungwa. Mbwa wa familia, amekonda na kujaa vidonda, anafunguliwa kwa kuwa sauti yake inatambulika, lakini matope anayoyaleta yanafagiliwa nyuma yake, na chakula anachokinusa nyuma ya mlango wa jikoni hapewi. Viumbe wanaopokewa ni wale wa chumba cha watoto tu, simba wa buluu na twiga wa rangi zisizokuwapo duniani, waliochorwa kwa mwanga ukutani. Shomoro yule ndiye anayedokeza tawi. Dirisha lililomfukuza ndege litapasuliwa na mti, na nyumba iliyozuia kila chenye uhai kuingia itaingiliwa na upepo. Wahakiki wengi huichukua jioni ya hadithi, nyumba inapolisoma shairi la Sara Teasdale la 1918 linalosema kwamba maumbile yasingejali wanadamu wakitoweka, kuwa ndiyo ufunguo wa kila kitu. Kwa maoni yangu shairi lile ni udokezi wa nusu. Linatabiri majira ya kuchipua yenye utulivu. Kinachofuata baada ya saa moja ni tawi na moto. Muhimu zaidi ni namna shairi lilivyochaguliwa. Bi. McClellan anaulizwa angependa lipi, hajibu, na nyumba inalifasiri kimya chake kuwa hana upendeleo. Mashine haina njia ya kutofautisha kimya cha mtu na kimya cha maiti.

Swali la upatanisho

Kama mwanaisimu, sina budi kugusa jambo linalojitokeza mara mtu anapojaribu kuihamishia hadithi hii katika Kiswahili. Kiini cha tashihisi yake ni pale msimulizi anaposema kwamba saa nne nyumba ilianza kufa. Katika Kiswahili sentensi hiyo inapita kimya kimya mno. Kwetu redio hufa, betri hufa, gari hufa, na biashara hufa vilevile, na hakuna anayeona sitiari. Mfasiri anayetaka kuirudishia makali yake atashawishika kubadili upatanisho: nyumba alianza kufa. Ngano zetu zinamruhusu. Jua na Upepo wanapobishana, mara nyingi msimulizi huwapa viambishi vya A-WA. Isitoshe, panya wa mitambo watapata upatanisho huo bila kuombwa, kwa kuwa neno panya linaubeba, hata panya akiwa wa bati.

Nadhani mfasiri asikubali. Hadithi inategemea msomaji kubaki katika shaka kama kilicho mbele yake ni kiumbe au chombo, hata pale moto unapoifunua mifupa na mishipa ya nyumba kama mwili uliopasuliwa. Kiambishi a- kingeitatua shaka hiyo kwa silabi moja. Kiswahili kina nyenzo nyingine, tena bora. Neno nyumba kwetu ni jengo na pia ni ukoo: tunasema nyumba ya fulani tukikusudia watu. Katika Al-Inkishafi maana hizo mbili zinaanguka pamoja. Hapa zimetenganishwa, nyumba ya pili ikiwa vivuli kwenye ukuta wa ile ya kwanza, na mfasiri anaweza kuliacha neno lenyewe libebe mpasuko huo bila kuongeza chochote.

Ugumu utakaobaki ni wa neno la mwisho. Kutoka kwenye ukuta uliosalia (hadithi haisemi kama ni ule wa vivuli) sauti inarudia kwamba leo ni tarehe 5 Agosti 2026. "Leo" ni kielekezi cha wakati, na hupata maana kwa msemaji na msikilizaji wanaoishi siku moja. Tarehe inayotajwa ni sahihi kabisa, jua limechomoza, na sauti inaitamka tena na tena juu ya kifusi kinachofuka mvuke.