Makosa ya Kiswahili katika Pwani ya Mtwara, na Namna ya Kuyasahihisha

Hapana jambo limwudhilo mwalimu wa Kiswahili upesi kuliko kosa alilokwisha kulisahihisha mara mia. Kila aliyepata kushika chaki ana kosa lake moja alichukialo kuliko yote. Mmoja hawezi kuvumilia neno masaa. Mwingine hukunja uso asikiapo hii vitu. Wa tatu hukosa usingizi kwa ajili ya ambae lililoandikwa pasipo y. Waalimu wakikutana, tangu Mikindani hata Msimbati na Kilambo ukingoni mwa Ruvuma, mazungumzo hayo hayakomi, nayo ni matamu, kwa maana kosa la mwenzio ni kitoweo. Walakini mtu akiyasikiliza kwa makini ataona ya kuwa twatia makosa yote katika kapu moja, yaliyo makosa kweli na yasiyo makosa, na katika kapu hilo yamo maneno ambayo kuyachekea ni kumwumiza mtoto mahali asipostahili kuumizwa.

Kwanza yatazamwe yale yaliyo makosa yakini. Lugha za wenyeji wa huku, Kimakonde kwanza, hazitengi r na l kama Kiswahili kitengavyo. Mtoto afikapo shuleni huonyeshwa herufi mbili ubaoni, na sikio lake lasikia sauti moja. Hapo mwalimu asione haya kuwa mkali, maana herufi ikikosewa maana hupotea. Karamu ni ya kula na kalamu ni ya kuandika. Mahari hutolewa kwa wakwe na mahali hukaliwa na watu. Kura hupigwa na chakula huliwa. Msomaji wa kanisani akituambia ya kuwa Bwana alialikwa kalamuni huko Kana, wazee watamwelewa kwa kuwa habari yenyewe waijua tangu utoto, lakini mgeni atashangaa. Dawa yake si kicheko wala fimbo. Dawa ni kuyaweka maneno mawili mawili ubaoni, kuyatamka polepole, na kumpa mtoto nafasi ya kuyasikia mpaka sikio lifunguke.

Hali kadhalika dh na z. Dhana ni wazo na zana ni vyombo vya kazi, na anayeyachanganya hana budi kusahihishwa. Lakini hapa pana hila moja. Mtu aliyekemewa sana kwa kusema zambi badala ya dhambi huingiwa na woga, akaanza kutia dh hata pasipo na haja: akasema dhawadi, akasema dhamani. Huyu wa pili hakosi kwa kutojua. Akosa kwa hofu, na hofu hiyo sisi ndio tuliomtia. Kila nisikiapo dhawadi huwaza ya kuwa nyuma yake yupo mwalimu aliyepiga kelele.

Na chi? Mmakonde huita lugha yake Chimakonde, basi si ajabu mwanawe akisema chitabu na chikombe. Asahihishwe, ndiyo, kwa kuwa Kiswahili sanifu husema ki. Lakini anayetaka kumcheka na akumbuke ya kuwa Kiswahili chenyewe husema chakula, chombo na chumba, na ch hiyo haikutoka pengine ila katika ki iliyokutana na irabu. Mtoto amefika tu mbali kidogo kuliko sarufi ilivyokwenda. Vivyo hivyo asemapo mama wangu na rafiki wangu: ameifuata kanuni ya watu kwa uaminifu, na lugha ndiyo iliyoivunja, kwa kuwa twasema mama yangu, kisha mara moja twasema amefika. Huyu asahihishwe kwa upole, maana akili yake yafanya kazi vizuri.

Sasa nigeuke kwetu sisi tulio wasomi, kwa maana makosa yetu hayasahihishwi na mtu. Mtoto hukosa kwa lugha ya mama yake; msomi hukosa kwa Kiingereza, na hili la pili lachukiza zaidi, kwa kuwa huvaa joho la elimu. Litazamwe neno aidha. Ni neno la Kiarabu, na maana yake ni tena, pia, zaidi ya hayo. Lakini kwa kuwa mlio wake wafanana na neno la Kiingereza litumikalo mtu achaguapo kati ya mambo mawili, siku hizi twasikia mimbarini na mikutanoni: aidha uje leo au uje kesho. Kiswahili hakikukosa neno la kazi hiyo. Ama uje leo ama uje kesho. Au uje leo au uje kesho. Neno lenye kazi yake limeibwa likapewa kazi ya jirani, na aliyeliiba ni mtu mwenye cheti.

Au kuwakilisha na kuwasilisha. Mjumbe huwawakilisha watu waliomtuma. Ripoti huwasilishwa mbele ya baraza. Katibu anayesimama na kusema, naomba kuwakilisha taarifa ya fedha, ametuambia ya kuwa taarifa haikuweza kuja ikamtuma yeye. Wala hapana anayemkatiza, kwa kuwa amevaa tai. Angalikuwa mwanafunzi wa darasa la nne tungalikwisha kumsimamisha.

Ambaye na wenzake nao wameota kama magugu. Kiswahili kina njia fupi na nzuri: mtu asemaye, kitabu nilichokisoma, siku tuliyofika. Amba- ina mahali pake, hasa panapo sentensi ndefu au kitendo kisichokubali kuingiziwa kirejeshi, na mimi mwenyewe nimeitumia hapo juu. Lakini mtu ambaye anasema, kitabu ambacho nilikisoma, siku ambayo tulifika, yote katika pumzi moja, ni kama kupanda ngazi kwa magongo.

Masaa siyahesabu katika dhambi kubwa. Najua ya kuwa saa haibadiliki katika wingi, nami huandika saa tatu zilipita. Lakini wakali wa masaa husema marafiki pasipo kusita, hali rafiki nalo ni neno la kigeni lililokaa pamoja na ndugu katika rafiki zangu kabla halijapata ma yake. Nani aliyewapa marafiki ruhusa akawanyima masaa? Na anayekataza ameshakula, je, ajua ya kuwa wazee waliandika amekwisha kula, na ya kuwa sha hii ni mabaki ya kwisha iliyosagika kinywani mwa watu? Lile lililokuwa uvivu wa ulimi jana, leo lafundishwa katika vitabu. Kadhalika wapo waonao ya kuwa ndugu zetu Wamwani wa ng'ambo ya Ruvuma, wa Palma na Mocímboa da Praia, wameiharibu lugha kwa kutia Kireno. Nao husema hayo wameketi mezani, leso mfukoni, chini ya bendera, na maneno yote matatu ni ya Kireno.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Liko neno moja linaloandikwa katika madaftari ya watoto wa Mtwara, Newala na Masasi, nalo hupigwa wino mwekundu kila mwaka, nami nasema lapigwa bila ya haki.

Mtoto huandika hivi: Baba wamekwenda shamba. Wamechukua jembe lao. Mwalimu hukata wamekwenda akaandika amekwenda, hukata lao akaandika lake. Kisha, na hapa ndipo pana ubaya, humwuliza mbele ya wenzake: Kwani wewe una baba wangapi? Darasa lote hucheka. Swali hili limezoeleka mpaka waalimu hurithishana kama mzaha wa kazi.

Mtoto huyu hakukosa kuhesabu. Ajua vema ya kuwa baba yake ni mmoja. Kwa Wamakonde, kwa Wayao na kwa Wamakua, mtu mzima mwenye kustahili heshima hutajwa kwa wingi, na mtoto mwenye malezi hawezi kumtaja mzazi wake kwa umoja kama amtajavyo mwenzake wa kucheza au mbwa wa nyumbani. Umoja mbele ya mzee ni ufidhuli. Basi mtoto alipokuja katika Kiswahili alikuja na adabu yake, akaitafutia mahali, akaiona nafasi katika wa- ya kitendo. Amefanya lile alilofundishwa na mama yake: amemheshimu baba. Nasi tukamwuliza ana baba wangapi, na wenzake wakamcheka baba.

Wala adabu hii si ya kwetu peke yetu. Wamonaki Wabenediktini waliofungua nyumba yao Ndanda mwaka 1906 walikuwa Wajerumani, na Mjerumani humwambia mtu mzima mmoja Sie, neno lile lile lenye maana ya wao, na kitendo chake hufuata wingi. Mfaransa humwambia mkubwa wake vous, yaani ninyi. Mwingereza naye alikuwa na thou ya mtu mmoja na you ya watu wengi. Akaanza kuwapa wakubwa ile ya wingi, kisha akampa kila mtu, na leo thou imebaki katika sala na mashairi ya zamani. Hakuna amwulizaye Mjerumani ana mabwana wangapi. Na tena, siku ya ziara, mzee wa kanisa akisimama mlangoni akasema, Baba Askofu wamefika, sijapata kumsikia padre akimwuliza maaskofu ni wangapi. Wote husimama. Adabu ambayo kwa askofu twaipokea, kwa mkulima baba yake mtoto twaipiga wino mwekundu.

Atasema mtu: Lakini Kiswahili sanifu hakisemi hivyo. Ni kweli, nami sikatai. Lakini ni vema tukumbuke sanifu ilitoka wapi. Askofu Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, aliandika Kiswahili alichokisikia Unguja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi yake. Tangu hapo Mmvita asemaye ndia na mato, maneno aliyoyarithi kwa babu zake, akawa mkosaji mbele ya mtihani. Hakuhama, bali mpaka ndio uliohama. Uchaguzi ule ulikuwa na faida kubwa, kwa maana leo mtoto wa Msimbati na mtoto wa Bukoba husoma kitabu kimoja. Ila ulikuwa uchaguzi, haukuwa hukumu juu ya lugha nyingine. Steere mwenyewe hakuzidharau. Yeye ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani, ambao kundi lao lilikaa Masasi mwaka 1876, na mwaka huo huo kilichapwa kule Unguja kijitabu chake cha Kimakonde. Cha Kiyao alikwisha kukitoa mwaka 1871. Yule aliyeiwekea sanifu msingi alikaa chini kuwasikiliza Wamakonde jinsi wasemavyo.

Liko neno la upande wa pili, nalo lina nguvu, sitalificha. Katika maandishi hesabu ni hesabu. Ripoti ikisema, baba wamefika zahanati, mganga hajui aandae kitanda kimoja au vitatu, hasa kwa kuwa kwetu baba mkubwa na baba mdogo ni baba vile vile. Kwa hiyo mtoto hana budi kujifunza amefika, na asiyemfundisha hivyo kwa kuionea huruma lugha ya nyumbani atamwacha nyuma siku ya mtihani. Mimi simtetei mwalimu mlegevu. Namlaumu yule asiyejua tofauti kati ya kumwambia mtoto, umekosa, na kumwambia, nyumbani twasema hivi kwa heshima, na hapa twaandika hivi kwa hesabu. Maneno hayo ya pili hayachukui hata dakika moja, na mtoto wa miaka minane huyaelewa upesi, kwa kuwa tangu zamani ajua ya kuwa kuna namna ya kusema na babu na namna ya kusema na mdogo wake.

Asipoambiwa hivyo huwa moja katika mambo mawili. Ama atanyamaza, akaandika habari za ng'ombe na gari wala asiandike tena habari za baba yake, kwa kuwa gari halina adabu ya kukosewa. Ama ataipeleka sanifu nyumbani kama ilivyo, akasimama mbele ya wazee akasema, baba amelala, na wazee watatazamana. Hawatasema ya kuwa mtoto amejifunza sarufi. Watasema ya kuwa shule imemharibu, na ni vigumu kuwaambia ya kuwa wamekosa.

Na ziko njia za kuitunza heshima ndani ya sanifu yenyewe, nazo zifundishwe pamoja na kanuni ya hesabu. Sanifu haiweki heshima katika kitendo. Huiweka katika majina na salamu. Mwenye kuandika, Mzee amekwenda shamba, ameitunza hesabu, na adabu haikupotea yote. Mwenye kuanza barua kwa shikamoo amekwisha kuinama kabla hajataja habari. Mtoto akipewa vyombo hivyo ataviacha vile vya wingi mwenyewe katika insha ya mtihani, wala hataona ya kuwa amenyang'anywa kitu. Na katika barua ya kuwasalimu walio nyumbani, isiyokwenda kwa msimamizi wa mtihani wala kwa mganga, mwalimu asahihishe kalamu iliyoandikwa mahali pa karamu, na neno wamelala aliache lilivyo.