Bodi Inapopiga Hodi

Fundi hodari wa kompyuta ndogo utamtambua kwa anavyochelewa kuiwasha. Huyu ninayemsema yuko Kilindoni, kisiwani Mafia, katika kibanda ambacho wapita njia wanakijua kwa kubadilisha vioo vya simu tu. Mpe Raspberry Pi na bodi ya nyongeza ya kupachika juu yake: ataigeuza bodi, atamulika chipu kwa tochi na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa juu yake, kisha atachukua mswaki mkavu asugue chumvi. Upepo wa bahari hauna simile. Bodi ikikaa wazi pwani, miguu yake huota kutu ya kijani. Pini ni 40, na ukipachika kwa kuruka safu moja, volti 5 huingia mahali palipotaka 3.3. Hapo hata fundi hana la kukusaidia.

Nilichopenda zaidi ni kumwangalia akiweka saa. Mtu wa Dar es Salaam mwenye mtandao kutwa kucha hawezi kujua kwamba kwa miaka mingi Raspberry Pi ilitengenezwa bila saa ya ndani. Huuliza wakati mtandaoni. Mtandao usipokuwepo, huamka na wakati wa mwisho iliouhifadhi kabla ya kuzimika. Umeme ukikatika Jumatatu jioni ukarudi Jumatano, mashine inaamka ikiamini kwamba bado ni Jumatatu, na kila inachoandika tangu hapo ni uongo unaoonekana nadhifu kabisa. Mafia uongo huo una gharama. Mwaka 1998 joto la bahari liliyapausha matumbawe ya huku, miaka mitatu tu baada ya Hifadhi ya Bahari kuanzishwa. Na papa potwe huonekana mbele ya Kilindoni zaidi kati ya Oktoba na Machi. Anayepima joto la maji na kuliandika chini ya tarehe isiyo yake, afadhali asingepima.

Dawa ni bodi ndogo yenye chipu ya DS3231 na betri bapa, saa ambayo katika joto letu hupotea kama dakika moja kwa mwaka. Fundi huipachika, kisha kwanza anauliza. Anaandika i2cdetect -y 1, na jedwali la vistari linatokea likiwa na namba moja katikati: 68, anwani ya saa. Ndipo anaongeza mstari mmoja katika faili la mipangilio, dtoverlay=i2c-rtc,ds3231, anawasha upya na kuuliza tena. Safari hii palipokuwa na 68 pana herufi mbili, UU: kiini cha Linux kimeitambua saa na kuishika. Hapo tu ndipo utamwona akitabasamu.

Siku nyingine aliletewa pia kihisi cha mwendo, MPU-6050, kikae pamoja na saa hiyo. Nacho anwani yake ni 68. Viwili havisikilizani, na wengi wangesema bodi ni mbovu, wakanunue nyingine. Yeye alitafuta pini iitwayo AD0, akaichomea waya kwa risasi hadi kwenye volti 3.3, na kihisi kikahamia 69. Hakuna kilichotupwa.

Mambo haya hayakuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 2011 Linus Torvalds alilalamika waziwazi juu ya vurugu ya programu za vichakato vya ARM, na maelezo ya kila bodi yakaanza kutolewa ndani ya kiini na kuwekwa katika mafaili yake yenyewe. BeagleBone Black ya 2013 ikaruhusu bodi nne kupandana, kila moja na kumbukumbu yake ndogo katika anwani kati ya 0x54 na 0x57. Mwaka uliofuata Raspberry Pi nao wakatoa utaratibu wao, kupitia pini ya 27 na ya 28. Kwa hiyo bodi yenye adabu hupiga hodi: mimi ni fulani, natumia pini hizi. Bodi za bei rahisi tunazonunua Kariakoo nyingi hazina kumbukumbu hiyo. Zinaingia kimya, na fundi ndiye wa kuzitambulisha.

Utambulisho huo ndio unaopotea. Vijana wananakili mstari kutoka popote, wanaubandika, usipofanya kazi wanabandika mwingine juu yake. Tangu 2023 faili la mipangilio limehamia /boot/firmware, na lile la zamani limebaki na onyo juu kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba lisiguswe. Watu wanalifungua, wanaliruka onyo, wanaandika chini yake, kisha wanailaani bodi. Nimewaona. Kusoma mstari wa kwanza kumekuwa kazi ya wazee.

Raspberry Pi 5, iliyotoka mwaka huohuo, ina saa ndani yake, ila betri yake huuzwa kando. Majuzi kijana mmoja aliileta kibandani akilalamika kwamba tarehe zinarudi nyuma. Fundi akamwonyesha tundu tupu na kumuuliza betri iko wapi. Kijana akasema haina haja, saa itajirekebisha yenyewe akinunua bando.