Kamshafti Mpya, Rocka Kuukuu

Ile Honda CG125 ya 1978 mliyotumiana video yake wiki nzima imeshaharibika, ila mwenye nayo bado hajajua. Rangi inang'aa, sailensa inang'aa, injini imewaka kiki ya kwanza na watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshashika kichwa tangu katikati ya video.

Haki yao niwape kwanza: silinda imechongwa vizuri, siti za valvu zimekatwa sawasawa, gaidi na sili ni mpya. Hapo sina neno.

Sasa tuje kwenye rocka za chini. Mliona wenyewe. Kamshafti mpya inatolewa kwenye boksi, ingali na grisi yake ya kiwandani. Kisha kamera inasogezwa kwenye rocka ya upande wa ekzosi, na pale inapokutana na nundu ya kamshafti pameliwa mpaka pamefanya mfereji, pembeni vishimo vyeusi kama vitatu hivi. Ukucha ukipita pale unakwama. Fundi anachukua kipande cha msasa, anasugua kwa kidole gumba mpaka panametameta, anasema bado ina maisha, anafunga.

Uso wa rocka ile umekomazwa kwa tabaka jembamba tu, chini yake ni chuma laini. Mfereji ukishafika chini ya tabaka hilo, msasa haurudishi kitu. Unamalizia kidogo kilichobaki. Halafu uso huo umepindwa kwa kipimo, na ndio unaoamua valvu ianze kunyanyuka lini na ipande kiasi gani. Kidole gumba hakijui kipimo hicho. Na nundu mpya ikianza kusaga juu ya uso uliokwaruzika, zote mbili zinaliwa pamoja, unga wa chuma unaingia kwenye oili na kutembea injini nzima. Hakuna dereva wa boda anayefunga cheni mpya juu ya sproketi iliyoliwa. Kwa nini hili ligeuke fumbo likifika ndani ya injini?

Kwenye CG kosa hilo ni zito zaidi kuliko kwenye pikipiki nyingine. Honda walipoitoa mwaka 1976 waliilenga nchi ambazo oili haibadilishwi kwa wakati, wakaachana na kamshafti ya juu na cheni yake, wakairudisha chini, inazungushwa kwa gia moja kwa moja kutoka kwenye krankshafti. Nundu ni moja tu. Hiyo hiyo inasukuma rocka mbili, ya inleti na ya ekzosi. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, kamshafti inazunguka 4,000, na nundu ile inapokea kazi mara 8,000. Ukiiharibu, hujaua valvu moja, umeua zote.

Kisha, kana kwamba hayo hayatoshi, fundi akafunga springi ngumu za valvu! Nimeandika kuhusu springi hizi mpaka mhariri amenichoka. Injini ya pushirodi inayokwenda sokoni na kurudi haihitaji springi za mashindano. Zinachoongeza ni mgandamizo juu ya nundu, na hapa nundu tayari inasaga juu ya uso mbovu.

Mafundi wa zamani wa eneo la Gerezani wasingefanya hivi. Miaka ya 80 spea zilipoadimika, fundi alikuwa radhi kukurudishia kamshafti yako ya zamani na rocka zake za zamani, kila moja mahali pake, kuliko kuchanganya mpya na kuukuu. Na anayedhani hilo ni suala la umaskini amtazame Bert Munro wa New Zealand. Mzee yule aliweka rekodi ya mwendo kasi kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville mwaka 1967 kwa pikipiki ya Indian Scout ya 1920, na kamshafti na folowa zake alizichonga mwenyewe, bandani kwake. Hawa wa leo wana duka la spea mtaa wa pili, wanashindwa kununua rocka mbili ambazo ni rahisi kuliko ile rangi ya tangi.

Kwa mwenye pikipiki, kama unasoma: fungua kifuniko cha tapeti injini ikiwa baridi, weka uwazi kwenye 0.08 mm pande zote mbili, endesha kilomita mia tatu, kisha pima tena kwa fila. Uwazi ukiwa umepanuka, usikaze tapeti ukaondoka. Mwaga oili, ipitishe kwenye kitambaa cheupe uone kinachobaki, na mpelekee fundi yule aishushe injini kwa gharama zake. Rocka ziwe mpya zote mbili, na springi za kawaida zirudi.